Namna ya Kuivunja Bilioni: Hesabu ya Gharama za Kudhibiti Moshi wa Turbini za Umeme

Kijana wa jirani yangu hapa Mikindani, Mombasa, alinibishia hodi Jumamosi moja baada ya Alasiri, kwapani kabana ripoti ya kurasa 140, uso umemshuka kama aliyetoka matangani. "Shikamoo, shangazi. Wanasema wakilazimishwa kusafisha moshi wa ule mtambo wa umeme watatumia bilioni moja na nusu. Sasa sisi wa mtaa tutasema nini mbele ya bilioni?" Nikamwitikia, nikamwambia avue viatu aketi, kahawa iko jikoni. Bilioni haina miguu, haitakimbia.

Riziki yangu kwa miaka 19 ilitoka kwenye hesabu za gharama. Nilianza karani wa stoo, nikamaliza mhasibu wa gharama katika kiwanda kimoja cha hapa mjini kilichokuwa na mtambo wake wa umeme. Najua namba kubwa zinavyopikwa kwa sababu nyingine nimezipika mwenyewe. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyomwonyesha kijana yule kwa jioni tatu. Shika kalamu, daftari la mistari na simu yenye kikokotoo. Namba za mfano nimezitunga mwenyewe ili zisimguse mtu. Zako utazitoa kwenye ripoti iliyo mbele yako.

Jua unazungumzia mashine gani

Watu wetu husema "mtambo wa Kipevu" kana kwamba mitambo yote ni mamoja. Kipevu I ya mwaka 1999, Kipevu III ya megawati 120 iliyoanza 2011, na Rabai ya megawati 90 kwa sehemu kubwa ni injini: pistoni zinapanda na kushuka, kama lori, ila injini moja ni kubwa kuliko nyumba yangu, na chakula chake ni mafuta mazito. Turbini ya gesi ni kitu kingine. Hiyo ni ndugu ya injini ya ndege: hewa inasongwa, mafuta yanawaka ndani yake, ule upepo wa moto unazungusha mapanga. Na jina "gesi" lisikuchanganye, maana turbini ya gesi huweza kuchoma mafuta ya taa au dizeli pia.

Tofauti hii ina maana kwenye mfuko. Mafuta mazito yana salfa na masizi, kwa hiyo fedha nyingi huenda kwenye mafuta bora na kunasa chembe. Kwenye turbini mgomvi mkuu ni oksidi za naitrojeni, ambazo mafundi tulionao hapa huziita noksi. Mwali ukiwa mkali mno, naitrojeni na oksijeni za hewa ile ile tunayovuta zinaungana. Huzioni. Moshi mweusi unaotoka dohanini mashine ikiwashwa ni masizi. Noksi hupita kimyakimya, na angani hugeuka kuwa ozoni ya chini na chembechembe laini zinazoingia hadi ndani ya mapafu. Basi ukienda kwenye kikao ukanyooshea kidole moshi mweusi wa alfajiri, mhandisi wao atakujibu kwa ustaarabu na atakuwa amekushinda.

Dawa za noksi kwenye turbini ni tatu hasa. Ya kwanza, kunyunyiza maji au mvuke kwenye mwali ili upoe. Ya pili, vichomeo vikavu vinavyochanganya mafuta na hewa nyingi kabla ya kuwaka. Hivi huja na mashine yenyewe na hufanya kazi vizuri zaidi kwa gesi asilia kuliko kwa mafuta. Ya tatu ndiyo ghali, SCR: moshi unapitishwa kwenye matofali yenye kichocheo huku unanyunyiziwa amonia au urea, na noksi inarudi kuwa naitrojeni na maji. Hiyo ya tatu inaweza kuondoa asilimia 80 hadi 90 ya noksi, hata zaidi. Ripoti ikikwambia "vifaa vya kudhibiti uchafuzi" bila kusema ni dawa ipi kati ya hizo, andika swali la kwanza pembeni.

Ivunje

Ukiwa na noti ya elfu na unataka kununua mahamri, unaivunja kwanza. Bilioni nayo ni hivyo hivyo.

Ripoti ya kijana, kwa namba zangu za kutunga, ilisema: turbini ya megawati 30, SCR, gharama ya jumla Sh1.56 bilioni. Tukatafuta neno "jumla" limeficha nini. Ukurasa wa 97, kwa herufi ndogo: ni miaka 15. Haya, 1,560 gawanya kwa 15 ni Sh milioni 104 kwa mwaka. Tayari kijana akaanza kunywa kahawa.

Usiishie hapo. Milioni 104 zimejengwa na nini? Kununua na kufunga kifaa ni Sh milioni 600, na uendeshaji ni Sh milioni 25 kwa mwaka. Ukigawa 600 kwa 15 utapata 40, na 40 na 25 ni 65, si 104. Kijana akaruka: "Wametudanganya!" Hapana, hawajadanganya. Fedha ya mkopo ina riba. Ili urudishe milioni 600 kwa miaka 15 kwa riba ya asilimia 10, kila mwaka unalipa karibu milioni 78.9. Hesabu yake ni kuzidisha 600 kwa 0.1315, na kipimo hicho kipo kwenye jedwali lolote la marejesho ya mikopo. 78.9 na 25 ni 103.9. Wako sawa.

Lakini riba ndiyo mlango wa nyuma. Iweke asilimia 5, marejesho yanashuka hadi milioni 57.8. Iweke 15, yanapanda hadi 102.6. Kifaa ni kile kile, dohani ni ile ile. Ndiyo maana nchini Marekani, ambako hesabu za aina hii zimekuwa lazima kwa kanuni kubwa tangu amri ya rais Reagan ya mwaka 1981, wachumi wamegombana miaka na miaka juu ya riba ya kukokotolea: mwongozo wa serikali wa 2003 ulitaka asilimia 3 na asilimia 7 zote zionyeshwe, ule wa 2023 ukashusha hadi 2, na 2025 ukafutwa, ule wa 2003 ukarudishwa. Wewe huna haja ya kuingia ugomvi huo. Uliza tu: mmetumia riba gani, na kwa nini?

Saa za kazi

Hapa ndipo penye nyama, na hapa ndipo ripoti nyingi hupita mbio.

Turbini ya megawati 30 ikiwa kazini saa 2,000 kwa mwaka inazalisha yuniti milioni 60. Gawa milioni 103.9 kwa milioni 60: Sh1.73 kwa yuniti. Sasa fikiria mashine ile ile inafanya kazi karibu mwaka mzima, saa 7,000. Yuniti zinakuwa milioni 210. Uendeshaji unapanda, maana urea inaliwa zaidi. Tuseme milioni 66. Jumla ni 144.9, gawa kwa 210, senti 69 kwa yuniti. Geuza upande wa pili: mashine ya akiba inayowashwa saa 300 tu kwa mwaka, siku umeme ukizidiwa. Yuniti milioni 9, uendeshaji milioni 11. Jumla 89.9 kwa 9, karibu Sh10 kwa yuniti.

Soma tena. Kifaa kimoja, bei moja ya kununua, na gharama kwa yuniti inatoka senti 69 hadi shilingi kumi. Kinachobadilika ni saa.

Wamarekani hupima pia kwa tani ya uchafu iliyoondolewa, na mimi naona ni kipimo kizuri kuliko kile cha yuniti, maana kinakwambia unanunua nini. Turbini yetu ya mfano ikichoma mafuta bila dawa yoyote hutoa noksi kama kilo 136 kwa saa. SCR iondoe asilimia 85. Kwa saa 2,000 umeondoa kama tani 230, na kila tani imekula Sh452,000. Kwa saa 7,000, Sh180,000. Kwa saa 300, Sh milioni 2.6 kwa tani moja. Kwa fedha hiyo ya mwisho unaweza kupata nafuu kubwa zaidi ya hewa mahali pengine; ukizisafisha zile lori zinazokoroma kwenye foleni ya Magongo utaondoa uchafu mwingi kwa bei ndogo.

Kwa hiyo mimi, ambaye nanusa moshi huo huo, sisemi kila turbini ifungwe SCR. Ile ya kazi ya kila siku, ndiyo. Ile ya akiba, maji au vichomeo vinatosha, alimradi saa zake ziandikwe kwenye leseni na zihesabiwe. Kampuni ikisema "hii ni ya akiba tu", mwambie mwenyekiti aandike idadi ya saa. Nimewahi kuona "akiba" iliyofanya kazi Ramadhani nzima.

Kanuni za Marekani zimepita njia hii hii. Viwango vyao vya kwanza vya turbini vilitoka 1979. Vya mwaka 2006 viliruhusu turbini kubwa mpya ya gesi asilia itoe noksi sehemu 15 kwa milioni, ya kati sehemu 25, na zinazochoma mafuta ziliachiwa zaidi. Mwishoni mwa 2024 shirika lao la mazingira, EPA, lilipendekeza SCR kwa mitambo mingi mipya yenye kufanya kazi saa nyingi. Januari 2026 kanuni ya mwisho ikatoka laini zaidi kuliko pendekezo, SCR ikabaki kwa mikubwa ya saa nyingi. Nitairudia kanuni hiyo chini, kwa sababu nyingine.

Kidokezo kimoja cha fundi: ukiona kiwango cha "sehemu kwa milioni", tafuta maneno "kwa oksijeni asilimia 15". Kama hayapo, kiwango hakina maana. Mtu anaweza kuingiza hewa safi dohanini, moshi ukapungua ukali kwenye kipimo, na uchafu ukabaki ule ule. Ni kama muuza maziwa anayeongeza maji.

Vitu visivyoandikwa

Safu ya "uendeshaji" huonekana ndogo, msomaji huipuuza. Mimi ndiyo niliyoikosea.

Kiwanda nilichofanyia kazi kiliambiwa na wakopeshaji wake kijaribu kifaa cha urea kwa miaka miwili. Nikaandika bajeti: gunia la kilo 50, Sh4,500, zidisha. Safi kabisa. Meneja wa ununuzi akapata punguzo, akaleta magunia ya miezi sita kwa mpigo, yakapangwa kwenye banda la mabati karibu na maji ya chumvi. Ikaingia masika. Urea hunywa unyevu wa hewa kama sifongo. Mwezi wa tano nilipokwenda kuhesabu, safu za chini zilikuwa zimeshikana gumu kama jiwe la tumbawe. Vijana wa stoo walikuwa wanazipiga nyundo, vipande vinaruka, wengine wanaloweka kwenye pipa la maji moto. Thuluthi moja ikatupwa. Gunia langu la Sh4,500 likawa la Sh6,750, na ripoti yangu ikaenda juu ikiwa na namba ya kwanza, kwa sababu ya pili hakuna aliyetaka kuisaini.

Kwa mfano wetu wa saa 2,000, urea ni kama tani 150 kwa mwaka, magunia 3,000. Kwa Sh4,500 ni milioni 13.5, zaidi ya nusu ya ule uendeshaji wa milioni 25. Kwa hiyo uliza: itahifadhiwa wapi, na bei imechukuliwa mwaka gani? Urea ni mbolea pia. Bei yake ilipaa mno duniani 2021 na 2022, wakulima wa bara wanakumbuka. Na mtu asikwambie atatumia ile ya shambani kupunguza gharama. Ile ina viambato vinavyoziba na kuharibu kichocheo, na matofali ya kichocheo ndiyo yenye bei.

Maji nayo. Kupoza mwali kwa maji ni rahisi kununua, ila turbini ya megawati 30 inakula tani nane hivi za mafuta kwa saa, na maji hukaribia uzito huo. Tuseme lita 6,700 kwa saa. Boza la lita 10,000, lile tunalochanga mtaa mzima kulinunua bomba likikauka, linaisha kwa saa moja na nusu. Tena yawe maji yaliyoondolewa madini yote, si ya kisima cha Mikindani. Mji huu unategemea Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na kila mtu anajua mgao ulivyo. Ripoti ikichagua dawa ya maji bila kusema yatoke wapi, gharama hiyo tumebebeshwa sisi kimyakimya. Mwali uliopozwa pia hula mafuta zaidi kidogo. Asilimia hiyo idai.

SCR nayo huziba kidogo njia ya moshi, turbini inapoteza sehemu ndogo ya nguvu. Tena moshi wa turbini isiyo na boila hutoka na joto linalozidi lile ambalo kichocheo cha kawaida hulipenda, hivyo hulazimu kuupoza kwa mafeni au kununua kichocheo cha moto mkali. Chumvi ya bahari hula kila bati. Hizo ni gharama halali. Mtu akizitaja usimzomee.

Nani analipa

Sh1.73 kwa yuniti ikisikika kwenye redio, mama mwenye tokeni ya mia mbili atadhani ndiyo itaongezwa kwake. Sivyo. Umeme wa mtambo mmoja humiminwa kwenye gridi moja na wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, wa mito ya Tana na wa upepo wa Turkana. Nchini huuzwa zaidi ya yuniti bilioni 10 kwa mwaka. Sambaza milioni 104 juu ya bilioni 10: ni kama senti moja kwa yuniti. Nyumba inayotumia yuniti 60 kwa mwezi italipa senti 60 hivi kabla ya kodi. Hamri moja linazidi hapo.

Sasa weka kando yake gharama ya mafuta yenyewe. Turbini hiyo inachoma kama lita 0.35 kwa kila yuniti. Lita ikiwa Sh100, ni Sh35 za mafuta peke yake. Kusafisha noksi kwa saa 2,000 ni shilingi moja na senti 73, yaani asilimia 5 ya mafuta. Na mafuta hayo tunayalipa bila kikao chochote: kila mwezi tozo ya mafuta hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi, inapanda na kushuka, inaingia kwenye tokeni yako. Nimekaa kwenye mabaraza mengi. Sijawahi kuona mtu ameitiwa hadhara kwa sababu tozo ya mafuta imepanda, lakini senti moja ya kusafisha hewa huitiwa mahema na vipaza sauti.

Angalia mkataba pia, kama utaonyeshwa. Mikataba mingi ya kununua umeme ina kifungu cha mabadiliko ya sheria: kanuni mpya ikija baada ya kusaini, gharama humwangukia mnunuzi, na mnunuzi humsukumia mteja. Mwenye mtambo anayelia kuhusu bilioni huenda hatatoa hata shilingi. Kanuni ikiwepo kabla ya kusaini, anaiweka kwenye bei yake ya ushindani tangu mwanzo. Hiyo ndiyo sababu ya kuwahi. Mpango wa mtambo wa gesi Dongo Kundu, kwa mfano, umekuwa ukilala na kufufuka kwa miaka. Wakati wa kuandika masharti ya moshi ni ukiwa bado umelala.

Na kuna dawa ya nne ambayo haimo kwenye ripoti ya mtambo, kwa sababu muuza mtambo hawezi kuiandika: waya. Njia kubwa ya umeme ya kati ya Nairobi na Mombasa, yenye urefu wa kilomita 482, ilipowashwa 2017, umeme wa mvuke wa Olkaria uliweza kufika Pwani kwa wingi, na haja ya kuchoma mafuta hapa ikapungua. Hakuna kichocheo wala gunia. Uliza kama walilinganisha na hilo.

Ukurasa wa kulia wa daftari

Kila mhasibu anajua daftari lina kurasa mbili. Mpaka hapa tumejaza wa kushoto tu.

Wa kulia ni mgumu zaidi, na ndio unaoachwa wazi. Ile kanuni ya Marekani ya Januari 2026 niliyosema nitairudia: EPA ilikokotoa gharama kwa dola, lakini manufaa ya afya ya kupunguza chembechembe na ozoni haikuyawekea thamani ya fedha. Sababu yao ni kwamba makadirio hayo yana mashaka mengi. Mimi nasema gharama nazo zina mashaka, umeona riba inavyofanya, na hatukuziacha. Shirika hilo hilo mwaka 2011 lilikuwa limechapisha uchambuzi wa marekebisho ya sheria yao ya hewa ya 1990: kufikia 2020, gharama dola bilioni 65 kwa mwaka, manufaa karibu dola trilioni 2, sehemu kubwa ikiwa ni vifo vilivyoepukwa. Uwiano huo usiubandike kwenye mtambo wa Mombasa, ni wa nchi nzima na uchafu wa kila aina. Ila unaonyesha ukurasa wa kulia unavyoweza kuwa mzito.

Utaujazaje hapa? Anza na upepo. Wakati wa kusi, kati ya Aprili na Septemba hivi, upepo hutoka baharini kusini, na moshi wa Kipevu unaelekea Changamwe na kwetu Mikindani. Kaskazi ikivuma, unavuka maji kwenda upande wa Mtongwe. Chora duara kwenye ramani, andika shule, zahanati na misikiti iliyomo, kwa msimu. Ripoti iliyopima hewa wiki mbili za Januari peke yake imepima moshi ukiwa kwa jirani.

Halafu nenda zahanati ya mtaa, omba idadi ya waliotibiwa kifua kwa mwezi, majumla tu bila majina. Ulizia mama kumi wenye watoto wa pumu: dawa ya kuvuta ni shilingi ngapi, siku ngapi za kibarua zimepotea. Usiongeze chumvi. Moshi wa Changamwe una wazazi wengi: malori, meli za Kilindini, takataka zinazochomwa, majiko yetu ya mkaa. Ukimpa mtambo lawama zote, hesabu yako itachanwa mbele ya watu. Mpe sehemu, useme umeikadiriaje. Mezani kwangu nilikuwa naandika safu tatu: ya chini, ya kati, ya juu, na nilikuwa nasimama na ile ya chini.

Kijana akaniuliza, "Na kama hawakubali kwamba afya ina bei?" Nikamkumbusha Owino Uhuru, hapa hapa kwetu. Si mtambo wa umeme, ni kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichowajaza watu risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni, kesi ikapanda rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo. Bei ilipatikana. Ilipatikana baadaye, ikiwa na miaka ya mawakili juu yake, na taasisi za serikali zikiwa miongoni mwa wanaodaiwa.

Ukifika kikaoni

Ukiwa unachangia kanuni mpya, si mtambo mmoja, omba taarifa ya athari za kanuni. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inamtaka anayetunga kanuni yenye gharama kubwa kwa jamii aandae taarifa hiyo, ikiwa na gharama, manufaa na njia mbadala. Wengi hawajui kuiuliza. Ukiwa unachangia mtambo, msimamo wako unaanzia Ibara ya 42 ya Katiba, haki ya mazingira safi, lakini usikae hapo muda mrefu. Kila mtu ataisoma. Nenda kwenye saa.

Kijana wangu alipewa dakika tatu. Hakutaja bilioni hata mara moja. Alisoma: mtambo utafanya kazi saa ngapi kwa mwaka, na idadi hiyo iko kifungu gani cha leseni? Riba ni ngapi? Kwa saa hizo, ni shilingi ngapi kwa yuniti na ngapi kwa tani? Maji yatatoka wapi? Hewa ilipimwa miezi gani? Mhandisi wao, mtu mwungwana, alijibu mawili, matatu akasema atayaleta kwa maandishi.

Peleka maswali yako kwa karatasi pia, kabla muda wa maoni haujafungwa. Chapisha nakala mbili, zote upige sahihi, na usiondoke dirishani mpaka nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nenda asubuhi, saa saba karani wa mapokezi huwa amekwenda kula, na muhuri huufungia kwenye droo.